Kumtua Msikilizaji Mzigo: Hotuba Kuhusu Vituo

Mabibi na mabwana, ndugu washiriki,

Kiswahili kimeliweka somo la leo ndani ya neno lenyewe. Kituo kimetokana na kutua, na anayetua ni mtu mwenye mzigo. Wengi wanaoanza kuhutubia hudhani mwenye mzigo ni msemaji: pumzi imekatika, maneno yamemkimbia, anatafuta mstari kwenye karatasi, basi ananyamaza. Lakini mzigo uko kichwani mwa msikilizaji. Wewe unampakia neno juu ya neno, naye hawezi kurudi nyuma kama msomaji anavyorudia mstari. Ukinyamaza mahali panapofaa, unamtua. Usipomtua atautupa mwenyewe, na hutajua ameutupia wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka kituo popote, jiulize: katika ukimya huu msikilizaji atakuwa anafanya nini? Anapiga hesabu? Anajijibu swali? Anaandika? Anacheka? Anaiweka kando hoja ya kwanza ili aipokee ya pili? Kama hana la kufanya, kituo kiondoke. Kama analo, mpe muda wa kulimaliza.

Nianze na vituo vidogo, vya nusu sekunde au pungufu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoshika maana. Sikilizeni sentensi hii: "Wageni walioalikwa na wazee watakaa mbele." Nikitua mara moja tu, baada ya "wazee", basi wazee ndio waliotoa mwaliko, na wageni peke yao ndio watakaokaa mbele. Nikitua baada ya "walioalikwa", kisha tena baada ya "wazee", wote wawili wanakaa mbele, wageni kwa wazee. Maneno ni yale yale. Kilichohama ni ukimya. Katika maandishi koma ingetusaidia. Jukwaani hakuna koma isipokuwa ile unayoiweka wewe kwa kunyamaza.

Namba zina hatari kubwa zaidi. Tamka "elfu ishirini na tano" mbele ya watu wanaoandika: mmoja ataandika 25,000, mwingine 20,005, na wote wawili wamesikia sawasawa. Ukimaanisha 20,005, tua wazi baada ya "elfu ishirini", kisha sema "na tano". Ukimaanisha 25,000, itamke yote kwa mkupuo mmoja, au igeuze iwe "ishirini na tano elfu". Na baada ya namba yoyote unayotaka ikumbukwe, nyamaza sekunde 2 kamili. Namba mbili zikifuatana bila kituo, ya pili huifuta ya kwanza. Ukishaweka namba 3 ndani ya sentensi moja, hakuna kituo kitakachoiokoa. Ivunje sentensi yenyewe.

Kuna mahali ambapo kituo huharibu, na ni vizuri kupajua kwa majina. Kiunganishi cha "-a" hakivumilii kukatwa: "haki za", kimya, "wafanyakazi". Msikilizaji anabaki ameshika "za" isiyo na mwenyewe. Usikate kati ya nomino na kionyeshi chake, kama "jambo" na "hili", wala kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, kama "alikuwa" na "akisema". Neno "kwamba" lastahili onyo lake peke yake. Wasemaji wengi hutua mara tu wakishalitamka: "Ninaamini kwamba...", halafu wanatazama dari. Hapo kila mtu anajua kuwa msemaji bado hajaipata fikra anayodai kuiamini. Tua kabla ya "kwamba", au usitue kabisa. Upande wa pili, kabla ya "lakini", "kwa sababu", "ili" na "hata hivyo", kituo hukaa vizuri sana. Hapo ndipo hoja inapokata kona, na anayekufuata anahitaji kuiona kona kabla hajaifikia.

Waliotangulia kulijua hili kwa vitendo ni washairi wetu. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, hukatwa katikati, mizani 8 za ukwapi na mizani 8 za utao, na kina cha kati humwashiria msikilizaji kwamba hapa panatuliwa. Hotuba haipaswi kwenda kwa mizani sawasawa namna hiyo. Ikienda hivyo itawalaza watu. Ila kipimo chenyewe nakipenda, na ningewashauri mkikumbuke: baada ya silabi 8 hadi 15 hivi, sikio huanza kutafuta pa kutua. Silabi 40 bila kituo ni nyingi mno. Na kweli mhesabu silabi, msihesabu maneno. "Hatukuwaambia" ni neno moja, lakini lina mtenda, ukanushi, wakati, mtendwa na tendo. Ni sentensi nzima ndani ya silabi 7. Ushauri wa kutua kila baada ya maneno kadhaa, uliopimwa kwa lugha za maneno mafupi, ukiutumia hapa utaelemea watu.

Sasa urefu. Penye koma, nusu sekunde. Mwisho wa sentensi, sekunde 1. Unapohama hoja moja kwenda nyingine, sekunde 2 hadi 3. Swali unalotaka watu walifikirie kweli, sekunde 3 hadi 5. Hivi ni vipimo vya kuanzia, na ukumbi utakulazimisha kuvirekebisha, lakini mwanzoni vitumieni kama vilivyo.

Mtakapovijaribu, sekunde 3 zitaonekana kama dakika nzima. Sababu yake inaeleweka. Katika mazungumzo ya kawaida watu hawaachiani nafasi hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, ulikuta pengo kati ya swali na jibu ni wastani wa milisekunde 200 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Huo ndio mwendo ambao sikio lako limezoea tangu utotoni. Jukwaani, ukimya wa sekunde 1 tayari ni mara 5 ya ule uliouzoea, na moyo nao unakwenda mbio. Mwili unakuambia kuna kitu kimeharibika. Hakijaharibika. Aliyekaa kwenye kiti hayumo katika mazungumzo. Anasikiliza, anachambua, na kwake sekunde zile 3 ni fupi.

Kwa kuwa hisia zako haziaminiki, hesabu. Lakini usihesabu "moja, mbili, tatu", maana mtu mwenye wasiwasi humaliza zote tatu ndani ya sekunde 1. Hesabu kimoyomoyo kwa maneno marefu: "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu." Kila kifungu kwa mwendo wa utulivu huchukua takriban sekunde 1. Kipimeni nyumbani kwa saa ya simu, mjue chenu kinachukua muda gani.

Vituo vikubwa viko vya aina mbili, na mara nyingi watu huvichanganya. Kuna kinachotangulia neno zito, na kuna kinacholifuata. Kinachotangulia hutia kiu. "Mpango huu umekwama kwa sababu moja." Kimya. Ukumbi mzima unainua macho, kila mmoja anakisia sababu. Kazi yao ni kukisia, na utakachosema baadaye lazima kistahili kusubiriwa. Ukitia kiu halafu ukaleta jambo ambalo kila mtu alilijua, watakuchoka, na kituo kijacho hawatakiamini. Kinachofuata ni cha kumeng'enya. "Aliyepewa kazi hakuambiwa ni ya kwake." Kimya. Hapa watu wanalinganisha uliyosema na maisha yao. Ukirukia sentensi nyingine papo hapo, unawapokonya tonge mdomoni.

Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua cha baada. Wasemaji wengi hupenda cha kabla kwa sababu kinawafanya waonekane wakubwa. Cha baada ndicho kinachomfaa msikilizaji. Na vyote viwe vichache. Katika hotuba ya dakika 10, vituo vikubwa 2 au 3 vinatosha. Vikiwa 10, hakuna hata kimoja kilicho kikubwa.

Swali nalo lina kanuni yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu nchini Marekani, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Alikuta ni sekunde 1 hivi, kisha mwalimu analirudia swali, analibadilisha au anamwita mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu zaidi na wanafunzi wengi zaidi wakajitolea kujibu. Mhutubu anayeuliza swali na kulijibu mwenyewe kwa pumzi ile ile hajauliza kitu. Uliza, funga mdomo, tazama watu, hesabu hadi tatu. Usilirudie swali kwa maneno mengine katikati ya kusubiri, kwa sababu waliokuwa wanafikiri wataacha na kuanza upya. Hata swali lisilohitaji jibu la sauti linahitaji zile sekunde, kwani jibu linatafutwa kichwani.

Sauti inayotangulia kituo ndiyo inayowaambia watu wakielewe vipi. Ukishusha sauti, umemaliza. Ukiiacha juu kidogo, bado unakuja. Msemaji anayeshusha sauti kwenye kila kituo kidogo huonekana anamaliza hotuba kila baada ya sekunde 5, na watu huanza kukusanya vitu vyao. Anayeipandisha kila mara huonekana anaomba ruhusa. Kosa lingine ni kumeza silabi za mwisho pumzi inapokaribia kuisha. Katika Kiswahili kosa hili ni la gharama, kwa sababu tofauti ya "amepiga" na "amepigwa" iko mwishoni kabisa mwa neno. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Iache silabi hiyo irefuke kidogo kabla ya kutua, kama inavyopenda kufanya yenyewe, kisha itamke ya mwisho kwa ukamilifu. Hapo kituo kitakuwa na ukingo safi.

Nizungumzie "eee", "yaani", "kwa hiyo", "sawasawa", "si ndiyo?" na jamaa zake. Hayo si maneno ya mtu asiye na akili. Ni sauti ya mtu anayeshikilia zamu yake ya kusema, kama tunavyofanya mezani ili mwenzetu asidakie. Jukwaani hakuna atakayekudakia, zamu ni yako hadi ushuke. Lakini kumwambia mtu "acha kusema eee" hakusaidii. Mdomo unahitaji kupewa kazi nyingine. Kazi hiyo ni hii: ukifika mwisho wa kifungu, funga midomo, kisha vuta pumzi kwa pua. Vyote viwili vinahitajika. Ukifunga midomo tu, "mmm" itapitia puani. Lakini pumzi inapoingia, sauti haitoki. Vuta taratibu, tumbo likitangulia kujaa kabla ya kifua. Ukivuta kwa mdomo kwa haraka, kipaza sauti kitaipeleka ile pumzi hadi safu ya nyuma. Fanya hivyo dakika 5 kila siku ukisimulia jambo lolote lile, na katika wiki ya kwanza lenga "eee" za mwanzo wa sentensi peke yake. Hizo ndizo rahisi kuziondoa. Za katikati ya sentensi hutokana na kuanza sentensi kabla hujajua itaishia wapi. Dawa yake ni kurefusha kituo cha mwisho wa sentensi iliyotangulia.

Macho na mwili vinaweza kukiua kituo kilichowekwa vizuri. Ukinyamaza huku unapekua karatasi, watu wanaona umepotea. Ukinyamaza huku umesimama kwa miguu yote miwili na macho yako yako kwao, wanaona umewasubiri. Anayesoma hotuba iliyoandikwa afuate mpangilio huu: tazama chini ukiwa kimya, chukua kifungu kizima kwa macho, inua uso, kiseme, kimalize uso ungali juu, baki hapo nusu sekunde, ndipo urudi chini. Wengi hufanya kinyume: wanaanza kifungu wakiwatazama watu na kukimalizia kwenye karatasi. Maneno ya mwisho ya sentensi ndiyo mazito, nayo yanaishia mezani. Maji ya kunywa pia yana mahali pake. Yanyweni mnapohama hoja. Hapo glasi itakuwa kituo. Yakinywewa katikati ya hoja huivunja.

Ikitokea umesahau, na itatokea, usiombe radhi wala usitangaze. Nyamaza, vuta pumzi, tazama karatasi wazi bila kujificha, rudia neno kuu la sentensi iliyopita, endelea. Hakuna mtu ukumbini mwenye nakala ya hotuba yako. Sekunde 4 za kutafuta mstari hazitofautiani na sekunde 4 za kuwapa nafasi, isipokuwa uso wako uwaambie.

Ukumbi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliyekaa mita 34 kutoka kwenye spika anakusikia sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye. Peke yake hilo ni dogo. Tatizo ni kuta ngumu zinazoirudisha sauti: neno jipya linagongana na mwangwi wa neno lililopita. Fika mapema, piga kofi moja katikati ya ukumbi, usikilize mlio unachukua muda gani kuisha. Ukichukua sekunde 2, kituo chako cha mwisho wa sentensi hakiwezi kuwa sekunde 1. Ukumbi mtupu huvuma zaidi ya uliojaa, maana miili na nguo hunywa sauti, basi punguza kidogo watu wakishaingia.

Kwa mikutano ya video mambo hugeuka. Ukimya unaozidi sekunde 3 huwafanya watu wadhani mtandao umekatika, hasa uso wako ukiwa umeganda. Kwa hiyo vituo viwe vifupi, na uso uendelee kuishi: tikisa kichwa kidogo, pepesa macho, sogeza mkono. Programu nyingi za mikutano huchuja kelele, na baada ya ukimya huweza kumeza silabi ya kwanza utakayotamka. Usiweke namba au jina muhimu kuwa neno la kwanza baada ya kituo. Anza na "Sasa" au "Basi", neno ambalo likimezwa hakuna hasara. Hapa, na hapa tu, nawaruhusu kurudi kwenye maneno ya kujazia.

Ukiwa na mkalimani anayesubiri umalize ndipo atafsiri, mpe wazo zima, sentensi moja au mbili, kisha tua. Usimkatie katikati ya sentensi ukidhani unamrahisishia. Mpangilio wa maneno katika lugha anayoipeleka huenda unahitaji neno lako la mwisho kwanza. Mkalimani anayetafsiri papo kwa papo huwa nyuma yako kwa sekunde kadhaa. Ukichekesha, sehemu ya ukumbi itacheka mara moja na nyingine itacheka baadaye. Subiri kicheko cha pili.

Na kicheko chenyewe, kiacheni kipande, kifike kileleni, kianze kushuka. Kikifika kama nusu ya kilele chake, anza kusema. Ukisema kabla ya hapo, watu hujizuia kucheka ili wakusikie, na hawatacheka kwa uhuru tena. Ukisubiri kiishe kabisa, ukumbi unapoa, na itabidi uanze kuupasha upya. Makofi yafuate kanuni hiyo hiyo.

Haya yote yanakula muda, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Mtu anapewa dakika 10, anaandika maneno ya dakika 10, anajikuta amechelewa, na kitu cha kwanza anachokata ni vituo. Tengeni robo ya muda kwa ajili ya ukimya. Kwa dakika 10, andika maneno ya dakika 7 na nusu. Jipimeni: soma kwa sauti dakika 1 kwa mwendo wa jukwaani bila vituo virefu, hesabu maneno uliyosoma, zidisha kwa 7 na nusu. Ukisoma maneno 100 kwa dakika, hotuba yako ina nafasi ya maneno 750. Ukiwa na 1,000, kata maneno 250. Yatauma kuyakata, najua.

Kisha weka alama kwenye karatasi. Wasomaji wa Kurani wana alama za waqfu, yaani za kusimama, juu ya mstari: herufi mimu kwa mahali pa lazima kusimama, lamu-alifu kwa mahali pasiposimamwa, na mpango huo hauachi jambo kwa bahati. Sisi tunahitaji alama tatu tu: mstari mmoja kwa nusu sekunde, miwili kwa sekunde 1 au 2, duara kwa kituo kikubwa. Kalamu iwe ya rangi tofauti. Andikeni kila kifungu kwenye mstari wake, ili karatasi yenyewe ikusimamishe.

Mbele yenu kuna ukurasa wenye maneno 200, usio na alama hata moja ya vituo. Tuna dakika 15. Dakika 4 za kwanza, wekeni alama mkiwa kimya. Kisha geukieni jirani, mmoja asome, mwingine afumbe macho na kunyoosha kidole kila anapohisi amechoka kubeba. Pale kidole kiliponyanyuka na wewe hukuwa na alama, ongeza. Pale penye alama na jirani hakuwa na kazi yoyote, futa. Badilishaneni, rudieni. Kalamu ziko mezani. Anzeni.